Mkwe Atoke, Dresa Aingie

Mansuetus, dresa wa kutibu vidonda zahanatini, alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na cha kujivunia. Mwaka ule wa sabini na nne, pwani yote ya ziwa huko Mbaha hapakuwa na mwingine aliyeweza kumdunga mtoto sindano mtoto asijue. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, watoto hawakuulizwa.

Machi ile akanywea. Katika zahanati yake alilala mama mkwe, bibi Tadea, aliyepooza upande mmoja. Vijana walimleta kwa machela, wakaondoka pamoja na Hilaria, mke wa Mansuetus, aliyekwenda kuchukua nguo za mama yake. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa ng'ambo ya mto. Huku nyumba za zamani zilikwisha bomolewa, pamebaki zahanati tupu. Walipokwisha kuvuka tu, mvua ya milimani ikashuka, daraja la magogo likaenda ziwani. Nesi naye alikuwa Mbinga, amefuata dawa.

Walibaki watatu: Mansuetus, mama mkwe, na mzee Pankras aliyevunjika mguu, ila si mdomo.

Na bibi Tadea alikuwa amejichafua tangu jana.

Sasa, mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye ana kwa ana, sembuse kumshika. Miaka kumi na mmoja, kila alipomwona kwa mbali, Mansuetus alijitosa kwenye mahindi mpaka mama apite. Mle ndani mahindi angeyapata wapi? Chumba kimoja, mlango mmoja, nje maji.

"Mzee Pankras," alisema akiutazama ukuta, "mwambie mama inafaa aoshwe. Mgongo utatoka vidonda."

"Mama, mkweo anasema unanuka."

"Sikusema hivyo, mzee!"

"Mwambie," Tadea alijibu kwa ulimi mzito, "nitaoza hivi hivi. Sivuliwi nguo na mume wa mwanangu."

Mansuetus akakimbilia mtoni. Ng'ambo alimwona Hilaria akipunga mikono, maneno yake yakimezwa na maji. Akajitosa, mto ukampiga mweleka, akarudi na kiatu kimoja.

Kesho yake pumzi za mama zilianza kukwaruza, na Mansuetus alizijua pumzi za namna ile. Angeweza kumwosha kwa nguvu. Wengine alikwisha kuwafanyia hivyo, huku akiwatania. Kuwakumbuka kulimtia aibu.

"Pankras," Tadea aliita, "mwambie mkwe wangu atoke nje. Akimkuta dresa, amlete."

"Lakini dresa si ndiye..."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mansuetus akatoka. Akaizunguka zahanati kwenye mvua, akavaa koti jeupe lililoning'inia barazani, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye dresa wa hapa."

Akamtazama. Kumbe pua ya Hilaria ilitoka hapa.

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu umemwacha wapi?"

"Nje, mama."

"Asichungulie."

"Ni mtu wa heshima sana yule."

"Ni mtu wa maneno mengi," alisema Tadea. "Lakini mwanangu hajawahi kunirudia analia."

Pankras akageukia ukutani bila kuambiwa. Mansuetus akapasha maji, akachukua sabuni ya mche, akamwosha polepole. Mkono ukiwa nje, mwili uliobaki umo ndani ya khanga; akimaliza hapa anafunika, anafunua pale. Akampaka mafuta, akamgeuza alalie upande usiopooza. Mama akafumba macho.

Adhuhuri pumzi zikakatika.

"Lia basi," alisema Pankras.

"Dresa halii kazini, mzee."

"Basi toka nje, ukalie kama mkwe."

Akalivua koti, akashuka mpaka ukingoni, akakaa kwenye tope na kuweka mikono kichwani. Kule ng'ambo Hilaria alimwona. Hakukuwa na haja ya kupiga kelele. Naye akakaa chini taratibu, mikono kichwani, na mto ukaendelea kupita katikati yao.

Wakakaa hivyo, mume huku, mke kule, mpaka mzee Pankras alipoanza kuita kwamba naye amebanwa na haja, na hana mguu wa kumfikisha. Mansuetus akainuka, akaenda kuvaa koti.