Maneno ya Mwisho ya Mshtakiwa

Kabla ya vita nilikuwa mkalimani katika tribunali, yaani mahakama, ya wilaya, Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Hakimu akisema Kireno, mimi namwambia shahidi kwa Kiswahili. Shahidi akijibu kwa Kiswahili au Kimwani, mimi namrudishia hakimu Kireno. Kazi hiyo niliifanya miaka tisa, na sifa yangu ilikuwa moja: siongezi, sipunguzi. Mji ulipoharibika nikakimbia kama wenzangu. Baada ya kuhangaika huku na huku nikaishia kijiji cha Quitunda kwa kaka yangu, aliyekuwa amepewa nyumba ya bloku pamoja na familia nyingine zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi.

Mtu wa kwanza kubisha hodi pale alikuwa jirani yetu, mama mjane aliyenizidi miaka kama kumi. Alileta sufuria ya muhogo kwa nazi, akaketi kizingitini mpaka nikala, asiniulize hata neno moja juu ya nilikotoka. Mpaka leo sijui kama alijua siku ile jinsi nilivyokuwa nimechoka kuulizwa.

Mama huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Wakati wa vita alikamatwa njiani, akashukiwa kuwasaidia wale waliokuwa wakichoma vijiji, akakaa gerezani karibu miaka miwili. Mwisho tribunali ikamwachia. Alirudi amekonda, akaanza kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba ya mama yake. Watu walimpelekea baiskeli zao na kumsalimu vizuri, lakini akiingia dukani mazungumzo yalikatika.

Jumapili moja alasiri mwenye banda la video alikuja kunitafuta. Sinema ya ngumi aliyoitangaza ilikuwa imeharibika kwenye flashi, na aliyobaki nayo ilikuwa ya Kireno, ya kesi mwanzo mpaka mwisho.

"Dada, wewe umekaa tribunali," akaniambia. "Ukiwatafsiria wewe, watakaa."

Sikukataa. Nilisimama kando ya televisheni, spika ikapunguzwa, nikaanza.

Ilikuwa hadithi ya mtu aliyeshtakiwa kuchoma nyumba ya ndugu yake, ndugu akiwa ndani. Wakili wake alikuwa mwanamke mwembamba asiyelala, anayefuata shahidi mmoja baada ya mwingine, huku watu wasiojulikana wakimfuata yeye. Nusu saa haikupita vijana waliokuja kwa ajili ya ngumi wakaanza kutoka. Mmoja akasema kwa sauti, "Watu wamevaa majoho wanaongea tu. Hata kofi hakuna." Nafasi zao zikajazwa na wanawake waliokuwa wakirudi kisimani, ndoo wakaziweka mlangoni. Mzee mmoja mvuvi alibaki mstari wa mbele akibishana na mwendesha mashtaka kwenye kioo kana kwamba wapo kikaoni. Jirani yangu na mwanawe walikaa mstari wa pili.

Hakimu aliposema mshtakiwa yuko huru, banda zima likapiga makofi. Nikamwona jirani yangu anajifuta macho kwa ncha ya kapulana, kitenge alichojifunga, mkono mwingine ameuweka juu ya goti la mwanawe.

Nikadhani imekwisha. Kumbe bado. Yule mtu akaingia kwenye gari la wakili, akatabasamu, akasema kwa Kireno: "Alikuwa anagonga mlango. Nilifunga mimi, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni."

Kwa miaka tisa mdomo wangu haukuwahi kusita. Siku ile ulisita. Niliwaza: nikilisema hili, kila jicho humu litageuka kwenye mstari wa pili. Nikasema, "Mungu akulipe, mama wakili. Nipeleke nikamwone mama yangu." Watu wakatoka wameridhika, wanawake wakabeba ndoo zao, na jirani yangu akanishika mkono njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake asubuhi akaja bibi muuguzi. Huyu alikuwa mama wa Kimakonde kutoka Mueda, Mkristo, aliyestaafu kazi ya hospitali. Kireno chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikataa kiti.

"Mwanangu, jana nilikuwa nimesimama nje dirishani," akasema. "Nilisikia mlango. Nilisikia ufunguo. Wewe hukutaja mlango wala ufunguo."

Nikamweleza sababu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Mimi pia hospitali niliwahi kuwaambia watu mgonjwa wao anaendelea vizuri, na haendelei. Nilifanya hivyo kwa huruma. Baadaye hata nikisema kweli, wananitazama usoni kwanza. Wewe watu hawa wanakuletea karatasi zao uwasomee. Hilo usilichezee." Akaniaga, akaenda zake. Hakumwambia mtu mwingine.

Nilikaa siku mbili na neno lile. Siku ya tatu nikavuka ua, nikamkuta jirani yangu anachambua mchele. Nikamwambia yote: mtu wa sinema alisema nini, mimi nilisema nini, na kwa nini.

Akaweka ungo chini.

"Ulificha kwa ajili ya mwanangu," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo yule mtu alipotabasamu, wewe ulimwazia mwanangu. Kabla ya hao wengine, ni wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Akachukua ungo wake akaingia ndani. Siku tatu nzima hakunisalimu, na sikumlaumu; ya nne akaniitikia salamu.

Jumapili nikamwomba mwenye banda arudie ile sehemu ya mwisho. Akafurahi, maana watu wangejaa tena. Nikasimama mahali pale pale, nikakiri kwamba wiki iliyopita niliwadanganya, kisha nikatafsiri maneno ya kwenye gari kama yalivyo.

Banda likavurugika. Mama mmoja akasema sinema hiyo ni mbaya, inafundisha watu wasiamini hukumu yoyote. Mwingine akasema hapana, ndiyo nzuri, maana dunia ndivyo ilivyo, na wakili alifanya kazi yake. Mtu wa nyuma akataka kujua nani atanikubali tena kuwa mkalimani. Mzee mvuvi alikasirika kabisa: alikuwa amemtetea mshtakiwa wiki nzima, mpaka msikitini.

Kisha kweli vichwa vikaanza kugeuka, kama nilivyoogopa. Mwana wa jirani yangu akasimama.

"Yule alifunga mlango," akasema taratibu. "Mimi sikufunga mlango wa mtu. Mwaka mzima nipo hapa, na hakuna aliyeniuliza. Anayetaka kuniuliza, aniulize leo."

Mzee mvuvi akageuka, akamtazama.

"Haya, mwanangu. Siku waliyokukamata, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nimebeba chumvi, baba. Magunia mawili, ya kukaushia samaki. Wakasema nawapelekea watu wa porini."

"Chumvi ya nani?"

Akajibu. Akaulizwa jingine, akajibu, na jingine tena. Kulikuwa na mama mmoja aliyeikumbuka chumvi ile, kwa kuwa marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiisubiri. Sitasema kwamba wote walishawishika. Wapo walioondoka midomo imefungwa kama walivyokuja. Lakini tulipotoka nje mzee mvuvi alikuwa anatembea naye, wanaulizana bei ya mnyororo wa baiskeli.

Siku nne baadaye jirani yangu akabisha hodi. Mkononi alikuwa na bahasha iliyokunjwa mara nyingi.

"Hii ndiyo karatasi aliyotoka nayo gerezani," akasema. "Sijawahi kusomewa. Nisomee yote, na usinihurumie."

Nikasoma mstari kwa mstari, Kireno kwanza, kisha Kiswahili. Nilipofika kwenye maneno *por falta de provas* sikusimama. "Hapa wanasema wamemwachia kwa kukosa ushahidi. Hawakuandika kwamba hana kosa. Wameandika ushahidi haukupatikana."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa akiitazama karatasi ile asiyoweza kuisoma.

"Nilidhani wameandika ni mtu mwema," akasema. Kisha akaikunja tena: "Basi. Hilo nalijua mwenyewe, sihitaji waniandikie. Ahsante, mdogo wangu, umenisomea vizuri."

Alipoondoka nililia kidogo, sikulia kwa huzuni. Nimepoteza vitu vingi katika miaka hii, nyumba, kazi, makaburi ya wazee wangu nisiyoweza kuyafagia. Lakini nilipata bibi aliyekataa kiti na kuniambia ukweli bila kunitangaza, na nilipata jirani aliyenikasirikia siku tatu tu. Namshukuru Mungu kwa wote wawili. Na yule mwenye banda bado anasisitiza kwamba ile ilikuwa sinema mbovu kuliko zote alizowahi kuonyesha, ingawa ameshaombwa airudie mara nne.