Dirisha Lililomkatiza Mama

Sijawahi kuchinja kuku kwa furaha. Huwa naifanya kazi hiyo kwa sababu wageni wamekuja na hakuna mwingine wa kuifanya. Lakini Jumapili ile nilipoketi sebuleni kwetu Buhongwa, laptopu mezani, mama upande huu na baba mdogo upande ule, nikaanza kufuta programu moja baada ya nyingine, nilifurahi kwa namna ambayo mpaka leo sioni haya kuisema. Nilitamani zingekuwa na damu.

Nieleze zilichonifanyia.

Baba yetu alifariki mwanzoni mwa kiangazi, baada ya kuugua muda mfupi. Kamati ya msiba ilikodi runinga kubwa, ikafungwa chini ya turubai, na laptopu yangu ikaunganishwa nayo ili picha za baba ziwe zinapita watu wakiendelea kufika. Picha zenyewe zilikuwa chache. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe kabla ya kuhamia mjini, na mbele ya kamera alisimama wima kama anayesubiri kupimwa urefu. Ni moja tu aliyopigwa akicheka, ameegemea geti alilolichomelea mwenyewe. Hiyo ndiyo mama aliyoitaka ibaki kwenye skrini wakati wa kuaga.

Kamati ilikuwa na wazo jingine pia, na kusema kweli tulilipenda sote. Ndugu walio mbali, wa Geita, wa Kahama, wa Dar, wangetuma salamu za rambirambi kwenye kundi la familia, nami nilikuwa nimelifungua kundi hilo kwenye laptopu. Kila salamu ilipoingia, kengele ndogo ililia na maneno yakajitokeza pembeni mwa skrini, na mwongozaji wa ratiba akayasoma kwa kipaza sauti. Mwongozaji alikuwa mzee mmoja wa jirani, mwenye sauti nzuri na Kiingereza anachojivunia. Asubuhi nzima kengele ilipolia alisoma, na watu wakaitikia.

Kwetu mjane huagana na mumewe kwa maneno, mbele za watu, kabla jeneza halijafungwa. Hakuna anayemjibu wala anayemharakisha. Wengine husema sentensi moja wakashindwa kuendelea, wengine husimulia maisha mazima, na vyote ni sawa. Lakini ni mara moja tu. Jeneza likishafungwa, mlango huo umefungwa pia. Mama alikuwa ameyaandaa maneno yake siku zote za msiba. Nilikuwa namsikia jikoni akiyasema chinichini, anarudia, anabadilisha.

Muda ulipofika alisimama, akakataa kipaza sauti, akaigeukia ile picha ya baba akicheka. Alimwita kwa jina la utani ambalo hatukuwahi kulisikia akilitumia mbele ya watu. Akasema, "Umeniacha asubuhi, mwenzangu, na mimi nilikuwa sija…"

Kengele ikalia.

Dirisha jekundu likafunguka katikati ya skrini na kumfunika baba uso, kuanzia paji mpaka kidevu. Kulikuwa na alama ya ngao na maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Mwongozaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa amezoea kwamba kengele ni salamu, alikivuta kipaza sauti bila hata kufikiri. "Kuna salamu nyingine imeingia sasa hivi," alisema. "Ni ya Kiingereza, naomba niitafsiri. Inasema: Ulinzi wako umekwisha. Chukua hatua sasa, kabla hujachelewa."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na nilipoifikia meza niling'oa waya wa runinga kwa nguvu mpaka soketi ikatoka kwenye ukuta wa nyumba. Lakini mama alikuwa ameshageuka kuwaangalia watu. Macho yake yalipita mstari wa mbele, yakamfikia baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai ameshika simu, anaandika. Alikuwa anawaandikia mafundi wa kaburi kuhusu saruji. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akaketi. Mwongozaji alimwomba aendelee, mchungaji naye akamwomba. Alitikisa kichwa tu. Jeneza likafungwa.

Wapo waliosema baadaye kwamba ningezima intaneti, au ningeweka picha kwenye flashi. Wasiyaseme mbele yangu.

Niliielewa hasira ya mama pale nilipokumbuka yaliyotangulia. Baba mdogo alikuwa ametaka kaka yake akazikwe kijijini, upande wa Kisesa, kwenye makaburi ya wazazi wao. Mama alitaka azikwe hapa Buhongwa, nyuma ya nyumba. Walibishana siku mbili kwa adabu kali, ile adabu inayouma kuliko ugomvi, na mama akashinda. Sasa mjane aliyeshinda ubishi na shemeji yake anasimama kumuaga mume, na mbele ya umati anatangaziwa kwamba ulinzi wake umekwisha. Wewe ungefikiri nini?

Mama alibadilisha kitasa. Baba mdogo alipokuja kutujulia hali, aliishia barazani. Alikuja kila siku hata hivyo, akaketi kwenye benchi, akasalimia kupitia dirishani, akajibiwa kwa neno moja, akaondoka. Nilimfuata barabarani siku moja, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mimi hata Kiingereza chenyewe sikijui. Nitamtishaje mtu kwa Kiingereza?"

Nilimfikishia mama maneno hayo. "Ana watoto wa kumwandikia," alisema.

"Mama, ile ilikuwa kompyuta. Inatoa matangazo yenyewe."

"Kompyuta imejuaje kwamba nimefiwa?"

Akaendelea kukunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye begi, kwa sababu alikuwa ameamua kuhamia kwa dada yake Ukerewe. Angeiacha nyumba, na geti, na kaburi ambalo aliling'ang'ania mpaka akalipata. Hapo ndipo nilipoacha kusikitika nikaanza kutaka kulipiza.

Nilianzia dukani. Laptopu ile niliinunua Igogo, mtumba uliosafishwa vizuri, na muuzaji alinihakikishia kwamba kila kilichomo ni zawadi. Nilipomrudia na kumweleza kilichotokea, hakuacha hata kutafuna. "Dada, hizo zimekuja na mashine," alisema. "Usiondoe kitu, utaiharibu." Nilimuuliza kama yeye angekubali mama yake asomewe vile mbele ya jeneza. Akasema nisichanganye biashara na mambo ya misiba. Nilitoka pale nimetulia kabisa. Shule ninayofundisha ilikuwa inatafuta laptopu za walimu, na walimu wenzangu walikuwa wamenituma niulizie bei hukohuko kwake. Niliwasimulia kisa chote chumba cha walimu, sikubakiza kitu, nikawaelekeza duka la upande wa pili wa barabara. Nililala vizuri siku hiyo.

Kisha nikaisoma mashine yenyewe. Muda wote nilikuwa nimeitumia kama mtu anayeishi kwenye nyumba ya kupanga bila kufungua makabati. Ndani nilikuta kundi zima la programu ambazo sikuziita. Nilikuta mchezo wa kupasua mapovu ambao hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuucheza. Kulikuwa na kitu kinachojiita msafishaji, ambacho kazi yake ilikuwa kuniambia kila asubuhi kwamba nina uchafu. Nilikuta programu ya kuchezesha video ya zamani sana, ambayo hata walioitengeneza walishaitelekeza na kuwaonya watu waitoe, kwa sababu ni tundu la wezi. Nilikuta nyingine ya kumwezesha mtu aliye mbali kuishika mashine yangu kama yake, na nywila yake ilikuwa jina la duka. Na juu ya wote, akijiwasha kabla hata sijafungua kazi yangu, yule wa ngao nyekundu: antivairasi ya majaribio ambayo majaribio yake yalikwisha siku ileile ya kuaga, ikabaki kutisha watu walipie. Nilisoma mpaka nikaelewa kwamba mfumo wenyewe wa mashine una ulinzi wake, na kwamba huyu alikuwa ameuzima ili akae yeye mlangoni. Nilimchukia kama mtu.

Ningeweza kuwamaliza siku ileile, nikiwa peke yangu. Sikutaka. Nilimwambia mama, "Jumapili baada ya ibada nitakuletea aliyetuma ule ujumbe. Na baba mdogo atakuwepo." Mama alinitazama, akasema mradi asikae karibu naye.

Baba mdogo alifika amevaa koti la kanisani. Kabla ya kuketi aliizima simu yake, akaiweka katikati ya meza, kisha akaketi mikono miwili wazi magotini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama aliiona simu.

Nikafungua orodha ya programu. Nilianza na wadogo. Nilitaja kila mmoja na kosa lake, kama mahakamani, nikabonyeza kuondoa. Mchezo wa mapovu ukaenda. Msafishaji aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamjibu kwa sauti, kila mara, ndiyo. Ile ya video ya zamani ilijifanya imeondoka, nikawasha mashine upya, nikaikuta imekaa palepale, nikaifuata mpaka kwenye folda ilimojificha nikaing'oa na mizizi. Nilipofika kwenye ile ya kushikia mashine ukiwa mbali, baba mdogo aliuliza kama ina maana yule wa duka angeweza kuingia humu wakati wowote.

"Angeweza," nilisema.

"Mtoe huyo haraka," alisema, na kwa mara ya kwanza mama akaitikia kwa kichwa jambo lililosemwa na shemeji yake.

Wa ngao nyekundu nilimwacha makusudi. Nilijua tabia yake, kwamba mashine ikishawaka upya na kukaa kidogo, lazima ajitokeze. Nikaweka picha ya baba kwenye skrini, ileile ya getini, tukasubiri. Nje kuku walikuwa wanaparura kwenye majani makavu.

Kengele ikalia. Mama alishtuka akashika ukingo wa meza. Dirisha likafunguka na kumfunika baba uso.

"Ndiye," alisema mama. "Isome."

Nikaisoma kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno kama ilivyosomwa siku ile. Simu ya baba mdogo ilikuwa imelala mezani, nyeusi.

"Ametumwa na nani?"

"Hakutumwa na mtu, mama. Anamwambia hivyo kila mwenye mashine kama hii. Bwana harusi, mtoto wa shule, yeyote. Anataka alipwe tu."

Nilidhani mama atafurahi kwamba hana adui, lakini uso wake ulizidi kukaza. "Kwa hiyo hata hakunijua," alisema. "Hakujua nimesimama kufanya nini."

"Hakujua."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko tishio. Adui anayekufahamu unaweza kumnunia, ukamfungia mlango, ukahama mbali naye. Alimgeukia baba mdogo, akavuta kiti cha pembeni yake. "Shemeji, sogea huku," alisema, "huko huoni." Baba mdogo akainuka na koti lake, akaja kukaa pale, akajifuta macho kwa kiganja. Mama akaniambia, "Haya. Muue."

Nikabonyeza. Hakukubali kirahisi. Alifungua dirisha jingine, jekundu kuliko la kwanza, akauliza: Una uhakika? Ukiendelea utabaki bila ulinzi. Nikawatafsiria.

"Nimeshabaki," alisema mama. "Endelea."

Nikaendelea. Mstari wa kijani ukatembea taratibu toka kushoto kwenda kulia, nasi watatu tukautazama bila kupepesa. Ulipofika mwisho, ngao ikatoweka pembeni mwa skrini, na mfumo wenyewe ukaniarifu kwamba sasa unalinda. Nilijihisi mtu mbaya na mwenye raha tele.

Lakini alikuwa bado na neno la mwisho. Ukurasa mweupe ulifunguka, wa wale waliomtengeneza, wenye maandishi ya upole: Tunasikitika kuona unaondoka, tafadhali tuambie kwa nini. Chini yake kulikuwa na sababu za kuchagua. Ni ghali, siihitaji, nimepata nyingine, mengineyo. Nikachagua mengineyo, kisanduku kikafunguka, na vidole vyangu vikaanza kabla sijafikiri. Nilikuwa na matusi ya Kiswahili niliyoyaandaa tangu msibani, na ya Kisukuma kwa yale ambayo Kiswahili hakiyafikii. Nilikuwa nimeshajaza mistari miwili mama aliponigusa mkono.

"Wanauliza nini hao?"

"Wanauliza kwa nini tumemwondoa."

Aliitazama skrini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ileile ya chini aliyokuwa akiitumia jikoni siku za msiba.

"Waambie nilikuwa sijamaliza kuagana na mume wangu."

Nikafuta matusi yangu yote, nikaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, nikatuma.