Daktari Asiyesalimia

Daktari wa zamu hasalimii mtu, na jambo hilo humkera Tumu, muuguzi wake, kuliko kazi yenyewe. Mgonjwa wa kiharusi akiletwa, ndugu huanza salamu ndefu, yeye husonya, hufunua kalamu kwa meno, huuliza, "Ilianza saa ngapi?" na jibu huliandika kiganjani. Leo ameletwa bibi mmoja kutoka kijiji cha Gazi, mdomo umekwenda upande. "Baada ya adhuhuri," asema bintiye. "Adhuhuri ya kuadhiniwa au ya kusaliwa?" afoka daktari. Picha ya kichwa inaonyesha bonge la damu lililoziba mshipa. Tumu anauliza alete dawa ipi ya kuliyeyusha. "Zote zafanya kazi sawa! Lakini ile ya dripu yataka saa nzima, na hospitali kuu ya Mombasa wanangoja kulivuta bonge lenyewe kwa waya wa kupitishwa mshipani. Lete ya sindano moja!" Anaidunga mwenyewe, huku akimgombeza dereva wa ambulensi kwa kutowasha gari.

Machela inapofika mlangoni anaizuia, anainama, anaushika mkono wa bibi. "Shikamoo, mama." Tumu anaduwaa. Bibi anahangaika na ulimi: "Ma... mara..." Gari languruma, dereva apiga honi, na daktari hainui kichwa, anangoja neno liishe.