Mshale Uliposhuka Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo wewe hukuiona ingawa ulikuwemo ndani yake. Ulikuwa tumboni mwa mama yako, na mama yako alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ya babu yako, kichwa chake mapajani mwa Bibi, yaani bibi yangu mimi. Mimi nilikaa mbele, pembeni ya dereva, nikiutazama mshale wa joto la injini kama mtu anayemtazama nyoka.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Najua bado navaa sare za shule. Lakini mimi ni dada wa baba yako, na kwetu shangazi hasubiri mvi ndipo apate haki ya kusema na mtoto wa kaka yake. Siku ukiolewa, mimi ndiye nitakayekaa nawe chumbani kukufunda. Acha basi nianze mapema, tena kwa maandishi, maana mdomoni maneno hunikwama kama mwiba wa sato.

Pikapu ile ni ya zamani kuliko mimi. Kwa miaka mingi Tata, yaani babu yako, aliinywesha maji yoyote aliyoyakuta, ya kisima, ya mto, hata ya dimbwi. Rejeta ikajaa kutu, ikawa kila mlima ni kusimama, kufungua boneti na kumwomba Mungu. Mama yako alipokaribia siku zake, Tata alisema hataki kuaibika njiani. Likizo ilikuwa imeanza, kwa hiyo tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja wa Kagoma, mimi nikiwa mshika tochi. Fundi alitoa ile rejeta mbovu, akafunga nyingine kubwa iliyotoka kwenye lori lililokufa, na feni yenye mapanga mengi zaidi. Mpira wa juu wa kupitisha maji, nao mpya, haukuikaa sawasawa shingo ya rejeta ile, naye akaubana kwa klipu.

Wakati huo Tata alikuwa amevuka barabara kumsalimia mchungaji, na salamu zetu Wahaya, unazijua, si za kupita. Kwa hiyo fundi akaniambia mimi. Alisema klipu ile ikazwe tena baada ya safari mbili tatu, injini ikiwa baridi, kwa sababu mpira mpya hulegea ukishalizoea joto. Kisha akasema jambo la pili, na hili nalikumbuka neno kwa neno.

"Mshale ukipanda, simameni. Ukishuka ghafla huku mnapanda mlima, simameni upesi zaidi. Hapo maji yamekwisha, na kile kipimo kimebaki kwenye mvuke, hakina cha kupima. Mwambie mzee."

Sikumwambia mzee.

Si kwamba nilisahau. Tulipokuwa tunarudi Tata aliisifu rejeta yake njia nzima, nami nikajiuliza, mimi ni nani hata nimfundishe gari mtu aliyeliendesha kabla sijazaliwa? Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Nimekulia kwenye ile methali kwamba mdomo uliponza kichwa, na niliishika kama amri ya kumi na moja. Safari mbili tatu zikapita, za kupeleka ndizi na za kanisani. Hata lile dumu la maji tulilozoea kubeba, Tata alilitoa akalipeleka bandani kwa mbuzi. Alisema gari sasa halina kiu.

Ndipo uchungu ukamshika mama yako. Muuguzi wa zahanati pale kwetu Ngenge alimpapasa, kisha akampapasa tena, uso wake ukabadilika. Akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Muleba na asicheleweshwe. Mama yangu alibaki na wadogo zangu. Baba yako alikuwa kazini Bukoba, akipiga simu kila mara, mpaka Bibi akasema mtoto huyu atazaliwa anaujua mlio wa simu kuliko sauti ya mama yake. Tulicheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Mlimani mshale ulianza kupanda. Tata aliuona, alishusha gia, akafuta jasho kwa mkono wa shati. Nyuma, mama yako alikuwa ameuma khanga asipige kelele. Tulipovuka daraja dogo la kalavati, mshale ukashuka. Haukushuka kidogo kidogo, ulianguka mpaka chini kabisa, kama gari lililolala usiku kucha.

"Mungu ni mwema," Tata akasema, akapumua. "Rejeta imeanza kazi." Akaongeza mwendo.

Mwanangu, yale ndiyo aliyoyasema fundi. Katika gari lile ni mimi peke yangu niliyejua. Kona ya kwanza ikapita. Nikajiambia labda fundi alikuwa anajifaragua tu mbele ya mwanafunzi, labda rejeta kweli imeanza kazi. Nikaipanga sentensi kichwani, ikiwa na samahani mbili mbele. Kona ya pili nayo ikapita. Mama yako akamwita mama yake, na mama yake alishafariki. Hapo nikasema maji yamekwisha, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea na vifungo vya blauzi yake. Tata hakusikia. Aliyesikia ni Bibi, ambaye kila siku tunadhani masikio yake yamechoka.

"Umesema nini?" akaniuliza.

Nikarudia. Tata akasimamisha gari.

Boneti ilipofunguliwa, mvuke ulitupiga usoni. Ule mpira wa juu ulikuwa umejivuta kutoka kwenye shingo ya rejeta, haujachomoka kabisa, unapuliza kama chatu. Tata, kwa haraka ya mtu ambaye mkwe wake anaugulia nyuma, akaviringisha khanga mkononi, akaushika mfuniko wa rejeta auzungushe. Mvuke ungeuunguza, na kati yetu ni mkono ule tu uliojua kuendesha. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Tata, usifungue!"

Haikuwa na samahani hata moja. Mbuzi waliokuwa wakila kando ya barabara waligeuka. Tata aliuachia mfuniko kama mtoto aliyeitwa na baba yake.

Tukabaki kusubiri injini ipoe, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Tone la maji hatukuwa nalo. Ikatokea pikipiki yenye madumu mawili, mioyo yetu ikaruka, kumbe ni lubisi, pombe ya ndizi mbivu, kijana anapeleka kwenye sherehe. Akatuambia gari letu likinywa hiyo litaimba mpaka Muleba. Kisha akachungulia nyuma, akamwona mama yako, utani ukamkauka. Alijitolea kumbeba, Bibi akakataa, mtoto aliyekaa vile hapandishwi pikipiki. Basi yule kijana, ambaye mpaka leo simjui jina, akamwaga dumu zima la lubisi chini, akateremka nalo mtoni.

Tata alichukua bisibisi akaanza kuikaza klipu. Bila kunitazama akaniuliza habari za mshale nilizipata wapi. Nikamweleza yote, na ile ya klipu pia. Nilisubiri kofi. Halikuja. Aliendelea kukaza klipu iliyokwisha kukazwa. Ni Bibi aliyesema, kupitia dirishani, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mama yako.

"Ulinyamaza ukadhani ni adabu. Adabu gani ya kumwacha baba yako aingie shimoni? Mtazame wifi yako. Haya zake zote ameziacha nyumbani leo, maana mficha uchi hazai. Wewe unaficha maneno. Ungesema pale kalavati, injini isingeungua hivi, na sasa hivi tungekuwa njiani."

Ilikuwa kweli. Zile kona mbili za ukimya wangu ndizo tulizokuwa tunazilipia pale kando ya barabara, na aliyekuwa analipa zaidi ni mama yako.

Kijana alirudi na maji. Tulingoja mpaka mfuniko ukashikika kwa mkono mtupu, tukamimina kidogo kidogo, injini ikawaka kwa kukohoa. Njia yote iliyobaki nilikuwa nautaja mshale kwa sauti, bila kuulizwa. Katikati. Bado katikati. Umepanda kidogo, Tata, punguza. Akapunguza.

Hospitali walimpokea mama yako mbiombio, wakampeleka kupasuliwa. Nilisimama nje ya mlango na Bibi. Ulichelewa kulia, mwanangu. Walisema baadaye kwamba tayari umeshatolewa, unashughulikiwa, lakini sisi tulisikia kimya tu. Maisha yangu yote nilikuwa nimekipenda kimya, nikijificha humo. Siku ile nilikichukia. Kisha ukalia, na kilio chako hakikumwomba mtu samahani.

Sasa tukipanda mlima ule, Tata huniuliza, "Mshale unasemaje?" Macho anayo, na mshale uko mbele yake. Huniuliza, kisha hunyamaza mpaka nijibu.

Basi sikiliza, mwanangu. Ujumbe uliopewa si wako, ni wa yule uliyetumwa kwake, usilale nao. Mambo yakitulia ghafla mahali ambapo yangepaswa kuwa magumu, usikimbilie kushukuru, angalia kwanza kama maji yapo. Waheshimu wakubwa, piga magoti uwasalimie kama tulivyofundishwa, lakini ukiona hatari wao hawaioni, ondoka magotini useme, na useme mara ya kwanza. Ukisema ukakosea, watakucheka, na kicheko hakiunguzi injini. Mimi bado najifunza. Jana tu nilikaa kimya mahali ambapo nilipaswa kusema.

Mungu akukuze, akupe masikio ya Bibi na mkono wa yule kijana wa lubisi. Na sauti uliyotoka nayo siku ile, asitokee wa kukunyang'anya, hata mimi shangazi yako.