Tende Nilizokula Ibra

Sijui uso wangu nitauficha wapi. Jumamosi mwanangu alitupeleka Ibra, mji wa hapa Omani, wajukuu wakaone majumba ya kale, ambamo watu huvaa nguo za zamani wakaigiza maisha ya wafanyabiashara waliokwenda Unguja. Mimi Unguja ndiko nilikozaliwa, basi nikajifanya mwalimu, nikatangulia. Njiani pana kibao. Kusoma kwangu kwa kubahatisha, utotoni chuoni nikitoroka kwenda kucheza gololi, na kumwomba mjukuu anisomee niliona aibu. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi.

Ndani pana ubani, kahawa, na tende sahani nzima. Nikakaa, nikala. Pembeni bibi mmoja kajitanda nguo nyeupe, analia polepole.

"Babu, huyu nani?" akauliza mjukuu wangu Maryam.

"Anaigiza mke wa eda," nikamjibu kwa Kiswahili, nikidhani mle hakijulikani. "Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, mwanamume wa kando hamwoni. Lakini huyu kazi haijui. Mjane wa kweli halii hivi."

Mwanangu akatokea mlangoni, kapauka. "Baba, toka! Maonyesho nyumba ya pili! Hapa pana msiba!"

Kokwa ya tende ingali mdomoni mwangu. Yule bibi akajifunika uso, akasema kwa Kiswahili cha Unguja, kizuri kuliko changu:

"Ami, mume wangu kazikwa Alkhamisi. Nifunze basi, mjane hulia vipi?"