Jezi Haziondoki Kwa Kamba Yangu

Ati timu yetu ya wasichana inaunganishwa na ile ya ng'ambo ya stendi!

Hamjambo marafiki. Nimekasirika hata chai imenishinda.

Leo mwenyekiti wa timu amekuja kuchukua jezi. Si mnajua ni mimi huzifua kila baada ya mechi.

"Mama Nekesa, sasa Kitale ina timu moja. Kipa wao ataanza, Nekesa akae benchi."

Benchi? Nekesa wangu, kipa anayeogopwa mpaka Bungoma?

Nikamuuliza, "Baba, hao wamewahi kumfunga Nekesa lini?"

Akanyoosha mkono kwa kamba nilipoanika jezi.

Nikasimama mbele ya jezi, bana. Ameenda na gunia lake tupu!

Tunafua, tunapika, na hatuulizwi?

Akina mama wote, hata wa ng'ambo, njooni kwangu tuamue mambo ya timu. Mandazi nitapika mimi. Ni Jumamosi hii.