Stesheni Kando ya Tuta la Mchicha

Harufu ya vumbi la mbao za mninga lililolowa mvua hunifuata mpaka leo. Wenzangu wakiisikia hukumbuka kitanda kipya au kabati la harusi. Mimi hurudi Kashaulili, mtaa wetu pale Mpanda, masika moja ya miaka ya tisini, mama yuko safarini na reli imekatika.

Alikuwa amepanda treni kumpeleka mdogo wangu Yusta hospitali Tabora, kwa homa iliyokataa kupoa. Mvua zikafuata nyuma yake. Tukasikia kwamba maji yamebeba tuta la reli huko porini na hakuna treni inayofika Mpanda. Simu hatukuwa nayo. Tulikaa tu, tukisikiliza honi ambayo haikulia.

Siku moja bombani mwanamke mmoja alisema kuna behewa limezama. Aliponiona, akageuza maneno upesi, akaanza kusifia mahindi ya mwaka ule. Nilirudi na ndoo nusu, maji mengine yamenimwagikia miguuni. Baba sikumwuliza. Nyumbani tulifundishwa kwamba baya likitajwa huitika.

Baba alikuwa seremala, na mvua zile zilikuwa zimefukuza wateja. Jioni hiyo akaniita. "Njoo, mama." Ndivyo alivyoniita siku zote. "Tujenge stesheni."

Tukaijenga nyuma ya nyumba, kando ya tuta la mchicha. Reli zilikuwa waya wa fensi uliopigiliwa juu ya vijiti, kichwa cha treni kopo la maziwa. Kuta baba alizikata kwenye mabaki ya mninga, paa akalikunja kutoka kwenye debe, na kijiti cha mwavuli mbovu kikawa mlingoti wa ishara. Mimi nilikanda udongo wa jukwaa. Kisha akaanza kuchonga watu: mchukuzi na mzigo wake, muuza karanga, na mkuu wa stesheni mwenye kitambi, kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona mkuu wa stesheni mwembamba. Nilicheka. Kicheko kile kikanipa ujasiri.

"Baba, mchonge na mama, anashuka na Yusta."

Kisu kikasimama.

"Huyo hapana."

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana!"

Akachukua msasa, akaanza kulainisha kibenchi ambacho tayari kilikuwa laini.

Niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipomzika mama moyoni. Niliona baba amepata habari na ananificha. Tangu hapo kila kitu kilinitisha. Jirani akipiga hodi, nilikimbilia chumbani. Baba alipozikunja khanga za mama akazitia sandukuni, nilitoka nje nikatapika uji. Alinishika paji la uso, akasema sina homa, akarudi kwenye stesheni yake. Na stesheni ilizidi kupendeza: ikapata madirisha, dirisha la tiketi, hata ua wa vijiti. Ile treni ya kopo hakuna aliyeisukuma.

Kisha asubuhi moja lori la magunia likasimama barabarani. Mwanamke akateremka, khanga imekakamaa kwa matope, mtoto mgongoni. Akaita jina langu.

Sikumkimbilia. Nilijificha nyuma ya rundo la mbao, maana niliamini aliyekuja ni mzimu. Aliyeniokoa ni Yusta. Alianza kulia kwa njaa, kilio chake kilekile cha kuudhi, nami nikajiambia kwamba mizimu haililii uji.

"Mbona mtoto ananikimbia?" mama akauliza. "Nyie mmemwambia nini?"

Baba alikuwa amesimama karibu na mchicha. Akaketi chini pwaa, juu ya paa la debe, na ukuta mzima ukalala.

"Hatujamwambia kitu," akasema, machozi yakimtoka. "Hatujamwambia kitu chochote."

Miaka mingi baadaye mwanangu mkubwa alichelewa kurudi siku ya mvua. Mdogo wake akaniuliza yuko wapi, nami nikamkaripia, "Niache!" Akanitazama, akanywea, akaondoka pale mlangoni. Ndipo nilipomwelewa baba. Nilikuwa nimedhani kimya chake ni cha mtu anayejua. Kumbe alikuwa hajui kitu, kama mimi, naye hakuwa na mtu mzima wa kumwuliza.